Mchaguzi wa Redio wa Kibua

Miaka ile, mtu wa kijiji cha Kibua hakununua redio ya spika mbili bila kwenda na Védaste Habineza. Hizo ndizo redio watu walizozitamani: si transista ya kubeba mkononi, bali mashine ya mezani, kisanduku cha katikati chenye mahali pa kaseti na pa CD, na spika zake mbili za kusimama pembeni, ambazo huko huitwa bafle. Mwenye nayo alifanya harusi yake na Noeli yake bila kuazima muziki kwa mtu.

Védaste mwenyewe hakuwa nayo. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini na kitu, fundi wa kutengeneza redio za wengine, na meza yake ilikuwa chini ya upenu wa nyumba yake ya udongo, kando ya barabara. Alizaliwa juu ya kilima karibu na Lushebere, upande wa Masisi, kwa baba aliyelima maharagwe na viazi. Ufundi alifunzwa na dereva wa parokia, aliyekuwa akifungua redio ya mapadri kila ilipokataa kusema. Vita vya kwanza vilipochoma nyumba za kilimani, Védaste alishuka na mkewe Dancille mpaka Kibua, upande wa Walikale, na katika mzigo wake hakubeba godoro wala sufuria, alibeba chuma chake cha kulehemu. Dancille alimnunia wiki nzima kwa sababu ya sufuria.

Kuchagua kulikuwa kipaji chake. Alipofikishwa mbele ya redio mpya hakutazama taa, ingawa taa ndizo zilizowavuta wengine wote. Kwanza aliinua kisanduku kwa mikono miwili. Kikiwa chepesi alikirudisha mezani pale pale, maana transfoma ya kweli ina uzito na haifichiki. Kisha aligonga spika kwa ukucha, duara moja baada ya jingine. Nyingi zilikuwa na maduara matatu, lakini moja tu ndilo lililolia. Mawili mengine yalikuwa plastiki iliyobandikwa kwa ajili ya urembo. Mwishoni aliiacha iimbe robo saa, akainama nyuma yake na kunusa, kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yameharibika. Mwalimu Valentin, aliyemwita kumchagulia redio ya harusi yake, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Redio ile iliimba siku mbili bila kuzimwa, na tangu hapo Valentin hakucheka tena.

Kwa kazi hiyo Védaste hakupokea kitu. Alisema macho ya mtu aliyepewa kitu huanza kuona anachotaka aliyetoa. Lilikuwa neno la kujivuna kidogo, na yeye alijua, na alilipenda hivyo hivyo.

Duka lenye redio hizo lilikuwa katika senta ya soko kwenye barabara ya kwenda Walikale, mwendo wa saa tano kwa miguu kutoka Kibua. Mwenye duka aliitwa Kavugho, mjane Mkatoliki wa kabila la Wanande aliyetoka Butembo, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini na rozari shingoni. Siku ya kwanza Védaste alipoingia na mteja, akagonga spika, akasema mbele ya watu wote kwamba maduara mawili ni ya uongo, Kavugho alimfukuza.

"Toka kwa duka yangu! Umekuja kuniharibia kazi?"

"Mama, mimi siharibu. Ni yule aliyekutumia hii njo anakuharibia," Védaste alijibu kwa Kiswahili cha huko, ambako njo ni ndiye au ndiyo.

Baada ya mwezi redio sita za aina ile zilirudishwa dukani zikinuka moshi, na wenye kuzirudisha hawakuja kwa upole. Kavugho akatuma mtu Kibua kumwita. Tangu hapo, kabla ya kuagiza mali Butembo, alimuuliza Védaste kwanza. Alimpa kiti, akamwekea chai na mkate, na wakazungumza juu ya transfoma na fyuzi kama watu wanaozungumza juu ya ng'ombe. "Papa Védaste akisema ndiyo, mimi naleta," aliwaambia wateja. Ilikuwa miaka minne ya namna hiyo, na Védaste baadaye alipoihesabu aliona kwamba ndiyo iliyokuwa miaka yake mizuri.

Mwaka 2007, mvua za Oktoba zikiwa zimeanza, kundi lenye silaha liliingia Kibua na kubaki. Senta ya soko nayo ikawa chini yao. Komanda wao alikaa katika nyumba ya zamani ya bwana shamba, akaweka jenereta nyuma ya jiko, na siku ya tano akamwita Védaste. Védaste alimkuta ameketi uani, mguu mmoja umevuliwa buti, anakata kucha.

"Njo wewe muntu wa maredio?"

"Njo mimi, komanda."

"Nataka muziki hapa. Si ile ya kulia kama inzi. Wanasema wewe haukosee hata siku moja."

Komanda alihamia kidole kingine cha mguu.

"Kesho unaenda na sajini kwa duka ya ule mama Munande. Unachagua, munaleta."

"Na malipo yake, komanda?"

Komanda aliinua macho kutoka kwenye kucha zake. Hakukasirika, alicheka kidogo tu. "Sisi njo tunamulindia duka. Hiyo haitoshe?" Kisha akaongeza, akirudia kucha zake: "Na ukiniletea kitu ya kuungua, nitajua ni nani aliyeichagua."

Nyumbani Dancille alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kisu na ndizi mkononi.

"Chagua ile mubaya," alisema. "Wachukue takataka, mama wa watu abakie na yake."

"Na ikiungua?"

Dancille alimtazama binti yao Aimée, wa miaka kumi na minne, aliyekuwa akianika nguo nyuma ya nyumba, kisha akarudi kumenya ndizi zake. Wiki ile wasichana wawili wa Kibua walikuwa wameitwa kwenye nyumba ya bwana shamba kwenda kuchota maji, na mmoja tu ndiye aliyekuwa amerudi.

Kesho yake walifika senta saa sita mchana: Védaste mbele, sajini na askari wawili nyuma. Kavugho alimwona Védaste kwanza, uso wake ukafunguka.

"Papa Védaste! Na mvua hii yote? Karibu, nilikuwa nakuwaza..." Hapo akaona bunduki.

Sajini alieleza haja yake kwa maneno machache. Kavugho alisikiliza, mikono yake juu ya meza ya duka, kisha akageuka na kushusha kutoka kwenye rafu redio moja kubwa, nyeusi, yenye spika za maduara matatu matatu na taa zinazokimbia kila rangi. Ubavuni iliandikwa wati elfu tatu.

"Hii njo ya nguvu kupita zote," alisema. Akaiweka mbele yao, akamtazama Védaste usoni.

Védaste aliuelewa mtazamo ule. Chini, nyuma ya magunia ya chumvi, ilikuwa imefunikwa kitenge redio nyingine, ndogo, ya kijivu, isiyo na urembo wowote. Aliijua kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemshauri aiagize. Ilichukua miezi mitatu kufika, na Kavugho alikuwa akiitunzia parokia yake, iliyokuwa imeiomba kwa ajili ya jubilei.

"Haya, fundi," sajini alisema. "Iko muzuri?"

Védaste aliinua ile nyeusi. Ilikuwa nyepesi kama kikapu. Aligonga spika, ingawa hakuhitaji kugonga. Mikono yake ilifanya kazi iliyoizoea, na kichwa chake kikafikiri kwamba kwa jenereta ile ya komanda, ambayo umeme wake ulipanda na kushuka, mashine hii ingemaliza siku tatu, labda nne. Akamwona komanda na kucha zake. Akamwona Aimée na nguo zake zilizolowa.

"Hapana," alisema. "Hii itaungua. Ile muzuri iko kule nyuma, chini ya kitenge."

Alidhani wataichukua ile moja waondoke. Hilo ndilo alilojiambia njia nzima ya kurudi, na miaka iliyofuata: alidhani wangechukua moja. Lakini sajini alizunguka meza, akafunua kitenge, na alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kumbe unatuficha?" alimwambia Kavugho. "Sisi tunakulinda, wewe unatuficha?"

Alimpiga kofi moja, bila haraka. Kisha wakaanza na rafu. Walichukua redio zote, zile nzuri na zile za uongo, wakachukua betri, vitenge, sabuni, maziwa ya unga, mpaka kiti alichokuwa akikalia Védaste alipokunywa chai. Waliita vijana waliokuwa wamesimama sokoni, wakawabebesha mizigo. Védaste alibebeshwa ile redio ya kijivu, kwa kuwa sajini hakutaka mtu mwingine aishike. Alipopita mlangoni Kavugho alikuwa ameketi juu ya gunia la chumvi, la mwisho lililobaki, mkono kwenye shavu.

"Mama," Védaste alisema, redio ikiwa kifuani pake.

"Nenda," Kavugho alimwambia. "Usiiangushe."

Redio haikuungua. Iliimba katika nyumba ya bwana shamba asubuhi mpaka jioni, kwa sauti safi, nzito, iliyofika mpaka mtoni. Védaste aliitwa kila asubuhi kusafisha kichwa cha kaseti na kukaza nyaya, na kila mtu wa Kibua alimwona akiingia na kutoka kwenye lango lile. Habari ya duka ilimtangulia, na ilivyofika ilikuwa imenenepa: kwamba alipewa fungu lake, kwamba yeye ndiye aliyemweleza komanda duka lilipo. Hakuna aliyemuuliza. Valentin alikuja kuchukua redio yake iliyokuwa mezani imefunguliwa tumbo, akakusanya skrubu zake kwenye kiganja.

"Mwalimu, bado sijamaliza. Kesho inasema."

"Acha tu, Védaste. Nitaipeleka kwingine."

Kwingine hakukuwapo, na wote wawili walilijua hilo. Valentin alikuwa amemwita Védaste, bila ile Papa ya heshima waliyoizoea wote. Mwisho wa mwezi meza chini ya upenu ilibaki na vumbi na chuma cha kulehemu peke yake.

Aimée hakuitwa kuchota maji. Védaste alilishika jambo hilo kama mtu anavyoshika kamba, lakini hata kwa Dancille hakuweza kulisema kwa sauti, kwa sababu binti za wengine walikuwa wameitwa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya kundi jingine lilikuja kupigana na lile la kwanza, na Kibua ikawa katikati. Watu walitawanyika, wengine wakashika njia ya msitu kuelekea Itebero. Védaste na familia yake walipanda kuelekea Masisi, siku tano, wakaishia kambi ya Lushebere, ambayo kutoka mlango wa hema lao aliweza kuona kilima alichozaliwa. Mashamba yake yalikuwa na watu wengine. Alienda kulima kwa kibarua kwenye ardhi ambayo baba yake aliwahi kuiuza, iliyopakana na yao. Mikono iliyozoea nyaya ilivimba kwa mpini wa jembe, na hakuwaambia watu wa kambi kwamba alikuwa fundi. Walipotaka kununua redio ya spika mbili kwa ajili ya kanisa la maturubai, wakakusanyika kubishana ipi ni bora, aliketi kati yao akatazama chini mpaka walipomaliza.

Mwaka wa pili, siku ya soko, alikwenda Masisi-centre kutafuta betri za tochi. Mwanamke mmoja alikuwa ametandika turubai chini, juu yake betri, viberiti na sabuni zilizokatwa vipande. Alikuwa amekonda. Védaste aliijua rozari kabla ya kuujua uso.

"Mama Kavugho."

Aliinua macho. Hakushtuka. "Unataka ngapi?"

"Mama, nilidhani watachukua moja. Naapa kwa Mungu. Nina binti, na yule komanda alisema..."

"Najua alisema nini. Dancille alituma mutu kunieleza, kabla hamujakimbia." Alipanga betri zake, mstari mmoja, kisha mwingine. "Pengine mimi nami ningekuwa na binti ningesema vile. Sikukatai."

"Basi unisamehe, Mama."

"Ulikuwa na njia nzima ya kuwaza, Papa Védaste. Saa tano. Ungetuma mutoto mmoja mbele aniambie wanakuja. Ningefunga duka, ao ningeificha vizuri, ao ningewapa mimi mwenyewe kwa mukono wangu. Ningejua la kufanya." Sauti yake haikupanda. "Wewe uliwaza mambo yako peke yako, ukamaliza, kiisha ukaja kunichagulia na mimi."

Watu walipita kati yao na vikapu vya kabichi. Védaste alitafuta la kusema, na lililokuja lilikuwa kwamba hilo la kutuma mtu halikuwahi kumpitia kichwani, hata mara moja, hata baadaye. Akaona haya kulisema.

"Mbili," alisema.

Kavugho alimpa betri mbili. Védaste alitaka kumwachia noti yote, Kavugho akakataa, akamrudishia chenji yake mpaka ya mwisho, kisha akamgeukia mteja mwingine.

Jioni ile Dancille alikuwa akipepeta maharagwe mlangoni pa hema. Aimée, aliyekuwa sasa na miaka kumi na sita, alikuwa amekwenda kutafuta kuni na wenzake.

"Masisi ulimuona nani?" Dancille aliuliza.

"Mama Kavugho."

Ungo ulisimama. "Alisema nini?"

Védaste aliifungua tochi, akatoa betri za zamani zilizoanza kuvuja, akaifuta kutu kwa pindo la shati.

"Aliniuzia betri," alisema.