Aliyehamisha Kipimo

Mimi ni fundi wa maabara, na sipendi kusingiziwa. Profesa aliponiambia redio yangu ndiyo inayomharibia vipimo, nilinuna siku mbili nzima. Niliizima hata hivyo.

Wanafunzi walimwita Mama Nukta, maana tarakimu zilizo kabla ya nukta ya desimali hazikumhusu. Yeye alisaka ile ya kumi na sita baada yake. Miaka thelathini na moja alinasa atomi kwa mwanga wa leza, ndani ya chupa isiyo na hewa, ahesabu mitetemo yake apate saa isiyokosea. Mama yake mzazi alisikia binti ni daktari, basi akawa anamletea majirani wenye kikohozi. Profesa aliwachemshia chai, kisha akawaelekeza zahanati.

Kila siku saa tatu asubuhi aliingia chumba cha leza, akainama kwenye kidirisha kutazama nukta ndogo ya buluu, ndizo atomi zake ziking'aa. "Nawajulia hali," alikuwa akisema, kana kwamba ana wagonjwa humo ndani. Na kila siku, saa tatu na nusu, kipimo kilihama kidogo. Alibakiza miezi minne kustaafu, na aliapa hatatia sahihi namba yenye kosa asilolijua. Tulishuku lifti, tukashuku pampu ya maji ya jengo la pili. Mimi na redio yangu tulikuwa wa tatu.

Kisha akashikwa na mafua, akalala nyumbani siku tatu. Siku zote tatu mstari wa kipimo kwenye kompyuta ulinyooka kama uzi wa mwashi. Niliutazama roho ikiniuma, maana nilijua ni mimi nitakayekwenda kumwambia.

Aliporudi nikamwonyesha. Alivua miwani, akatazama kwa muda mrefu, halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Kikulacho," akasema.

"Ki nguoni mwako, Mama. Joto la mwili wako linapasha hewa ya nje ya chupa, pale mwanga unapopita."

"Nami nikaisingizia redio ya watu. Nisamehe, ndugu yangu."

Nilimsamehe, ingawa si palepale.

Nilidhani yameisha: akae nje, basi. Kumbe ndiyo kwanza ameanza kuuliza. "Nahamisha kiasi gani hasa? Nisipojua hilo, bado ni kubahatisha." Ili kwanza apate namba isiyo na joto lake, miezi miwili hakukanyaga chumbani, akawa anazungukazunguka mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Namba ikatulia. Nilimwonea huruma sana.

Wiki ya mwisho aliingia mara moja tu, ili apimwe yeye. Karatasi ya kutia sahihi ilikuwa mezani kwangu. Nilikaa nje, simu sikioni, nikitazama mstari. Ulilala, ukalala, halafu ukaanza kupanda taratibu, nikajua ameshainama kwenye kidirisha.

"Unaniona?" akauliza.

"Nakuona, Mama," nikasema. "Tarakimu ya kumi na sita."