Mluzi wa Baba na Swali la Polymorphism

Swali lilikuwa moja, na lilishanishinda kwenye mtihani: eleza tofauti kati ya polymorphism na overloading. Mwalimu wetu wa programu, pale chuoni Bariadi, alinipa nafasi ya mwisho nijibu kwa mdomo siku ya Jumatatu. Nikishindwa, narudia mwaka.

Nilisoma mpaka nikachukia kusoma. Kitabu kimoja kilisema overloading ni aina mojawapo ya polymorphism, kingine kikazitenganisha kabisa. Nani mkweli? Mimi nikishindwa kuelewa huwa nakasirika, basi Ijumaa nikaenda nyumbani Bukundi na hasira zangu.

Asubuhi yake nilimkuta baba mlangoni mwa zizi. Nilisimama mbele yake kimya, kichwa kimejaa. Akapiga mluzi, akangoja. Nikacheka.

“Mwangaluka, baba,” nikamwamkia.

“Kumbe ni wewe,” akasema.

Akapiga tena mluzi uleule. Ng’ombe wa maziwa akaenda alipofungwa ndama wake, maksai akaenda penye nira, mbwa akatangulia malishoni. Zamani baba alimwita kila mmoja kwa rangi yake.

“Siku hizi umekuwa mvivu,” nikamtania.

“Uzee huo.”

Jikoni mama alichungulia kwanza ungo niliompelekea. Ukiwa na michembe, vile viazi vilivyokaushwa, atachemsha. Ukiwa na unga, atasonga ugali. Yote kwake ni kupika, ila anaamua kabla hajawasha moto. Hapo nikahisi kitu kinakaribia kueleweka, kisha kikapotea tena.

Jumatatu nilimweleza mwalimu habari za mama, nikasema hiyo ndiyo overloading: jina moja la kazi, na namna yake inaamuliwa mapema kwa kutazama kilicholetwa. Nikaleta mluzi wa baba kuwa polymorphism: mwito mmoja, kila mnyama anauitikia kwa namna yake.

“Huyo baba,” mwalimu akauliza, “anapopiga mluzi anajua ni mnyama gani aliye mbele yake?”

“Hajui, mwalimu. Anapiga tu. Aliye mbele yake ndiye anayejua la kufanya.”

“Umefaulu.”

Nilitoka nje nikiwa na furaha, lakini haikufika getini. Jibu langu lilikuwa limenirudia: hajui aliye mbele yake. Nikampigia mama simu.

“Mayu, baba anaona?”



“Anaona mwanga,” akasema. “Wewe alikujua uliposalimia.”