Nyama Mbichi Nyumbani kwa Mheshimiwa

Ikran Abdullahi alibakwa akirejea Idsowe kutoka kuuza maziwa Garsen, na aliyefidiwa ni baba yake. Ng'ombe waliswagwa hadi zizini kwake. Ikran hakuulizwa neno. Mtu ambaye Ikran alimtaja kuwa ndiye aliyembaka ni Ubeid, ambaye baba yake hufadhili kampeni za Mohamed, mwakilishi wa wadi. Kwa hiyo wazee walikwenda kumaliza maslaha, suluhu ya kimila kati ya koo mbili, sebuleni kwa mwakilishi huyo huyo!

Nyumba ile Mohamed na dada yake, Barwako, waliachiwa na baba yao, aliyekuwa mbunge. Barwako amekulia humo akiwaandalia chai wageni wa siasa. Alijua jambo ambalo wazee walikwisha kulizoea hata hawalifikirii: maslaha hayafungwi kwa maneno, hufungwa pande mbili zinapokula nyama kwenye sinia moja. Na nyama hiyo hupikwa na wanawake.

Akaingia jikoni, akawaeleza wanawake wa nyumba yaliyompata Ikran, kisha akamwagia maji kuni zilizokuwa zikiwaka. Hakuna aliyemzuia.

Adhuhuri ikapita. Mohamed akaja mlangoni.

"Barwako, unaniaibisha mbele ya wageni?"

"Wageni wako wana njaa tu, kaka. Ikran je, umemuuliza ana nini?"

Mzee Tadicha, msemaji wa wazee, akapaza sauti kutoka sebuleni: "Hii ndiyo hasara ya kusomesha binti!"

"Baba Tadicha, nilipokwenda shule uliniombea dua wewe mwenyewe, na mbuzi ukala. Leo kapikiwe kwako."

Shangazi Safiya, mmoja wa wanawake wa jikoni, akacheka akijishika kiuno. "Kama mkewe atakubali!"

Wazee wakaondoka bila kula, na maslaha hayakufungwa. Barwako akampeleka Ikran hospitalini, kisha polisi, akaandikisha taarifa.

Mohamed alimtupia Barwako nguo zake nje. Sasa Barwako amepanga chumba nyuma ya soko la Garsen, na wanawake humfuata huko kutafuta msaada kutoka Hewani, wengine kutoka mbali kama Chewele. Wapo wanaonong'ona kwamba anakitaka kiti cha kaka yake. Na akikitaka? Ni haki yake. Hilo lisitumike kufunika uovu wenyewe: simu ilipigwa kituo cha polisi kutoka nyumba ya mheshimiwa, na tangu hapo jalada la Ikran limelala huko. Ubeid hupita mbele ya madumu ya maziwa ya Ikran kwa pikipiki, akipiga honi.

Mheshimiwa Mohamed, ondoa mkono wako katika kesi hii. Wazee, rudisheni ng'ombe mlikowatoa, wala msikae tena kuamua juu ya mwili wa mwanamke ambaye hamkumwita. Nawe mkuu wa kituo, hulipwi mshahara na familia ile. Mkamate Ubeid, umfikishe mahakamani, Ikran aseme mbele ya hakimu.