Mchwa wa Nyumba ya Mama

Nyumba ya mama kule mlimani Nkoaranga ilikuwa ya mbao za mgrevilea uliokatwa shambani kwetu, katikati ya kahawa. Baba aliijenga kabla sijazaliwa, na alipofariki tukamzika nyuma ya nyumba hiyo, pembeni ya migomba. Tulipomwomba mama aje kukaa nasi mjini Olasiti, alijibu kwamba hawezi kumwacha mtu peke yake mlimani. Nasi tukaacha kumwomba.

Mwaka jana, masika yalipoanza, kumbikumbi walitoka ndani ya sebule yake. Hawakutoka uani wala shambani, walitoka kwenye ufa wa sakafu karibu na kabati la vyombo. Nilifika kesho yake nikakuta mabawa yamejaa dirishani. Nikagonga ubao wa ukuta, ukalia kama debe tupu. Nikausukuma kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Kilichokuwa kimesimama pale ni rangi tu. Nilikaa kwenye kochi.

Mchwa hawali namna ile kwa msimu mmoja. Nikamuuliza mama kama hakuona njia za udongo zikipanda ukutani.

"Nimeziona sana," akasema. "Huwa nazikwangua."

Alizikwangua kila zamu ya jumuiya ilipomfikia. Kwetu mlimani ibada ya nyumba kwa nyumba ni mtihani. Watu wanaimba, wanasali, wanakunywa chai ya maziwa, na wapo ambao macho hawayafumbi hata wakati wa sala. Basi mama alikwangua ule udongo, akapaka chokaa, akapiga deki. Sisi watoto wake tuliopanda Krismasi tulikuta nyumba inang'aa, tukamsifu, tukala ndizi, tukarudi mjini.

Nikamleta fundi wa dawa ya mchwa kutoka mjini, Levolosi, mtu wa haraka asiyependa maneno mengi. Alitutuma tuondoe majani makavu ya migomba yaliyolundikwa ukutani, akachimba mtaro kuzunguka msingi, akamwaga dawa. Kisha akaingia ndani, akatoboa vijitundu kwenye zile njia za udongo na kupuliza unga wa sumu. Alisema mchwa wakipita humo watajipaka, wataupeleka kwa wenzao huko chini.

"Bibi, hizi njia zisiguswe mpaka nirudi," akamwambia mama. "Hata zikikukera."

"Nimesikia, baba."

Nikateremka mjini na matumaini yangu, mjinga mimi.

Tuliporudi na fundi, kuta zilikuwa nyeupe pe. Zamu ya jumuiya ilikuwa imeingia, na mama alikuwa amezikwangua njia zote pamoja na unga wake.

"Ningewakaribishaje watu kwenye matope?" akaniuliza. "Wangesema tangu baba yenu aondoke, nyumba imekuwa pori."

Nilitamani kupiga kelele.  Fundi alipanda darini, akakaa huko muda, na aliposhuka akaniita nje. Mbao za kenchi zimekwisha, akasema, paa linakaa juu kwa mazoea tu. Angeweza kurudia dawa tukitaka, lakini dawa inaua mchwa, hairudishi mbao. Nimtoe mama humo kabla ya mvua nyingine.

Majirani walikuja kutupa pole, na kila mmoja alinikumbusha kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mwingine akaongeza ile ya kuziba ufa. Niliwaitikia kwa adabu huku nikiwachukia wote, na milima yao, na chai yao.

Mama hakulia. Alifunga nguo zake kwenye mabegi mawili, akaenda nyuma ya nyumba peke yake, akarudi viatu vimejaa udongo. Tukapakia vyombo na samani kwenye gari. Mwishoni akasema ngoja nifunge mlango.

Alivuta mlango, akazungusha ufunguo, na fremu ikaachia. Kipande kizima kilimong'onyoka, mchwa weupe wakamwagika juu ya mkono wake. Akajikung'uta. Akakirudisha kile kipande mahali pake, akakishindilia kwa kiganja, akajaribu tena. Kikaanguka. Akajaribu tena.

"Mama, twende," nikasema.

"Siwezi kuacha kwangu wazi."

Nikamshika bega. Nyuma yake mlango ulijifungua wenyewe polepole, sebule yote ikaonekana, tupu, imepigwa deki.