Marehemu Anatafutwa kwa Simu: Mfumaji Kenina na bima ya mkopo wa mumewe

Saa mbili asubuhi ukungu bado umelala juu ya kijiji, na mlio wa mtambo wa kufumia unasikika hadi barabarani. Ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yake, Kenina Macaulay, mwenye umri wa miaka sitini na minne, anakanyaga pedali kama mwendesha baiskeli asiyekwenda popote. Nyuzi za sufu za kijivu na za rangi ya kutu zinaingiliana mbele ya magoti yake.

Simu inalia nyumbani. Anaisikia, maana dirisha la jikoni liko wazi. Hasimami.

“Wanamtafuta Finlay,” anasema bila kugeuka. “Waache wamtafute.”

Finlay ni mumewe. Alizikwa miaka mitatu iliyopita kwenye makaburi ya mchangani, chini ya kijiji hiki cha pwani ya magharibi ya kisiwa cha Lewis, Uskoti.

Wanaopiga ni makampuni ya kudai fedha kwa niaba ya watu, nayo hukata fungu lao. Miaka ya nyuma benki nyingi ziliuza mikopo pamoja na bima ya kulinda malipo: mkopaji akiugua au akipoteza kazi, bima imlipie. Wengi waliuziwa bila kuihitaji, au bila kuelezwa kwamba isingewalipa kamwe. Sasa wanaruhusiwa kudai warudishiwe fedha zao, na muda unaisha mwishoni mwa mwezi huu wa Agosti.

Kenina anayo haki ya kudai. Anajua hivyo tangu mwaka juzi. Kinachomzuia kinaishi nyumba ya tatu kutoka kwake.

Mtambo anaoukanyaga ndio ulioleta mkopo. Ilikuwa mwaka 1997. Viwanda vya mjini Stornoway vilitaka kitambaa kipana zaidi, na mfumaji aliyebaki na mtambo wa zamani alijua atakosa uzi wa viwanda hivyo. Finlay akaenda benki. Karani wa mikopo alikuwa jirani yao na rafiki yake tangu shule, Tormod Graham, ambaye akasema hakuna haja ya kupanda tena basi la mjini, karatasi angezileta mwenyewe jioni.

Alifika wakati wa ibada ya nyumbani. Hapa mgeni akikuta Biblia imefunguliwa mezani, huketi. Finlay akampa heshima ya kusoma na kuomba. Tormod akaiombea nyumba ile, akawataja watoto wao wawili kwa majina, akauombea na mtambo ambao haujafika. Baada ya amina karatasi zikawekwa palepale Biblia ilipokuwa.

“Alisema bila bima benki haitoi mkopo,” anasema Kenina. “Nilikuwa nimesimama kwenye jiko, nilisikia kwa masikio yangu. Finlay akatia sahihi bila kusoma.”

Kwa nini hakusoma? Anashangaa kuulizwa.

“Mtu amekuombea watoto wako, halafu umwambie ngoja kwanza nikague ulicholeta? Nani angefanya hivyo hapa? Ni sawa na kumwambia, nimesikia maombi yako lakini sikuamini.”

Majira ya baridi ya pili nyonga ya Finlay ikaharibika. Hakuweza tena kukanyaga. Kenina akaingia kibandani badala yake, na bima haikulipa hata senti. Mfumaji hana mwajiri: kiwanda humletea uzi na kuchukua kitambaa, lakini yeye anahesabiwa kuwa amejiajiri, na bima ile haikumlinda mtu wa namna hiyo. Waliendelea kuulipa mkopo, na bima juu yake, mpaka mwisho. Wiki nzuri ilimwingizia Kenina pauni mia mbili. Wiki ambayo kiwanda hakikuwa na oda haikumwingizia kitu.

“Nilimuuliza mara moja kwa nini haendi kulalamika benki. Akasema, ‘Achana nayo.’ Finlay akisema achana nayo, unaachana nayo.”

Ili adai leo, lazima aeleze nani alisema nini na wapi. Yaani amtaje Tormod, aliyeshika kamba mojawapo wakati jeneza la Finlay likishushwa kaburini, na ambaye kila vuli humwachia gunia la viazi mlangoni bila kubisha hodi. Kumtaja, anasema, ni kumwita mwongo mezani palepale alipoomba.

Angeweza kuuacha mwezi upite. Kisha ikaja simu ya Jumapili.

Kijijini kwao Jumapili mitambo husimama, nguo hazianikwi, na simu hailii isipokuwa mtu amekufa. Kwa hiyo ilipolia, mchana, Kenina alikuwa anaomba hata kabla hajaifikia.

Sauti ilikuwa ya msichana, ya upole, kutoka mbali. Aliomba kuongea na bwana Finlay. Kenina akajibu kama anavyojibu siku zote: yuko kibandani, anafuma. Miaka yote mitatu hajamwambia mpigaji yeyote kwamba amekufa. Neno hilo, anasema, halijawahi kutoka kinywani mwake kwenye simu.

“Ndiyo, tunafahamu,” msichana akasema. “Tuliongea naye jana. Alisema tupige tena akishamaliza, maana mashine ilikuwa na kelele.”

Jumamosi ile Kenina alikuwa kwa wifi yake, kijiji cha pili, tangu asubuhi hadi jioni. Kibanda kilikuwa na kufuli.

Akaweka simu chini. Hakwenda kibandani, kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Alikaa jikoni akiutazama mlango wa kibanda kupitia dirisha, hadi ukawa hauonekani tena kwa ukungu. Jumatatu alifungua kufuli na kukuta kila kitu mahali pake. Kila mfumaji anajua alipokomea. Anajua uzi gani ulikuwa wa mwisho.

“Sikuangalia,” anasema. “Nilikaa nikaanza kukanyaga moja kwa moja, nikitazama ukutani. Kama kitambaa kilikuwa kimeongezeka, sikutaka kujua.”

Wifi yake, Dolina, dada wa Finlay, alipopewa habari hizo alikuwa anapaka siagi kwenye skoni, vimkate vya chai. Hakuacha kupaka.

“Watakuwa wamempigia Finlay mwingine,” alisema. “Akina Finlay Macaulay wako wanne ukanda huu.”

“Nimewauliza wote, wifi. Hakuna aliyepigiwa. Na hakuna mwenye mtambo.”

“Basi wanadanganya. Ndiyo kazi yao. Wewe umewaambia miaka mitatu kwamba anafuma, wameandika hivyo, wanakusomea.”

“Na kelele?”

Dolina akaweka kisu chini. “Sikiliza. Kaka yangu akiwa hai hakuwahi kupokea simu. Ililia mpaka ikachoka, naye amekaa pembeni yake. Leo amekufa ndiyo aanze kupokea?”

Wakacheka, mpaka Kenina akajifuta macho kwa aproni. Kisha kila mmoja akawa anasikiliza, ingawa hakuna aliyesema anasikiliza nini.

“Lakini kama alikuwa yeye,” Dolina akasema, taratibu, “basi ana jambo hajalimaliza. Nenda kwa Tormod.”

Akaenda siku ya pili yake. Alimkuta mzee huyo wa miaka themanini na moja nyuma ya nyumba, akifunika kabichi zake kwa wavu wa zamani wa samaki. Hakuinua kichwa.

“Shemeji,” alisema, “umekuja kwa ajili ya ile bima.”

Zaidi ya Dolina, Kenina hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba anakuja. “Nani amekuambia?”

“Hakuna. Simu ililia kwako Jumapili, niliisikia toka hapa. Nikangoja kengele ya msiba, nikangoja watu wapite. Hakuna aliyekufa. Nikajua ni wale wa bima, na kinachokuja kinanijia mimi.”

Akanyooka polepole, mkono kiunoni, ndipo akamtazama.

“Finlay alijua, shemeji. Alikuja benki akiegemea mwavuli, nyonga imeshamshinda. Nikamwambia hailipi kitu kwa mtu aliyejiajiri. Nikaona aibu, nikamwambia na yaliyobaki. Bima haikuwa lazima. Tuliambiwa kazini tuseme ni lazima, nami nikasema. Kwenye meza yako.”

“Akasemaje?”

“Aliuliza, ukweli huu ukitoka utafukuzwa? Nikasema nadhani nitafukuzwa. Akaniuliza hali ya mke wangu, maana wakati ule alikuwa hospitali. Halafu akatafuta kofia yake, akaenda. Hakulitaja tena hadi anakufa. Kila Jumapili alinipa mkono mlangoni kanisani kama kawaida. Afadhali angenipiga.”

Upepo ukavuta wavu. Kenina akainama, akaukanyaga pembeni usipeperuke, kwa sababu hakujua mikono na miguu yake aifanyie nini. Ndipo alipoelewa lile “achana nayo” la miaka ishirini iliyopita, na aliyekuwa akilindwa nalo. Aliona uchungu kwamba lilifichwa kwake, yeye aliyekanyaga mtambo kuilipia siri hiyo. Anakiri kwamba uchungu huo haujaisha.

“Andika jina langu,” Tormod akasema. “Sina kazi ya kufukuzwa tena.”

“Sitaliandika.”

“Basi utapoteza haki yako kwa ajili yangu. Mmoja amekwisha kufanya hivyo, sitaki wa pili.”

“Sijasema nitaiacha,” Kenina akamjibu. “Finlay alikusamehe wewe, shemeji. Benki hakuisamehe, haikumwomba. Jina lako utalitaja mwenyewe. Utakuja mjini na mimi, ukae kwenye kiti, uwaambie.”

“Watanicheka, mzee kama mimi.”

“Vaa suti ya msiba. Hakuna anayemcheka mtu ndani ya suti ile.”

Tormod akatabasamu kidogo, akarudi kwenye kabichi zake. Kenina anasema alipokuwa akiondoka alimsikia nyuma yake akizungumza, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemjibu mwenzake aliye karibu. Hakugeuka kuona.

Safari ni Jumanne ijayo, kwa basi la asubuhi. Kenina hajui kama watalipwa. Benki huenda isiwe na kumbukumbu za zamani hivyo, na huenda neno la karani mstaafu lisitoshe. Likitosha, anakadiria watapata kiasi cha kuezeka upya kibanda, ambacho kinavuja upande wa kaskazini na kulowesha uzi. Ana mpango wa kufuma miaka mitano zaidi, magoti yakikubali.

Anaushusha mguu wa kushoto, mtambo unasimama, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii kibanda kinakuwa kimya kabisa.

“Watatuuliza nani anadai,” anasema. “Nitasema ni mimi, mke wa marehemu. Nimelifanyia mazoezi neno hilo jikoni, linatoka. Baada ya hapo nitanyamaza, nimwachie Tormod. Nitaketi karibu naye, bega kwa bega, asije akadhani amekwenda kule peke yake.”