Sista Tumpe Alibeba Kosa Langu

Kosa ni langu. Nasema hivyo kwanza, maana kwa miezi mingi niliwaacha watu waamini ni la Sista Tumpe, nesi wa kliniki ya kisukari, na mimi nikakaa kimya nikipewa pole.

Mimi ni mchuma chai, mama wa Kinyala, kijijini karibu na mji wa Tukuyu. Nilipogundulika na kisukari nilipewa vidonge, na vile vidonge vilinitia njaa ya ajabu. Niko katikati ya shamba, kikapu mgongoni, mikono inatetemeka, jasho linanitoka na baridi yote hii ya kwetu. Nikaacha kuvimeza. Sikumwambia mtu.

Ningemwambia Sista Tumpe. Lakini siku ya kwanza aliniuliza mbele ya wagonjwa wenzangu kama bado nakula ndizi asubuhi na jioni, benchi zima likacheka. Niliona amenidhalilisha. Tangu hapo, kila alichouliza nilijibu ndiyo. Dawa unameza? Ndiyo, Sista. Naye akiona sukari haishuki anamwomba daktari, naongezewa dozi, na yeye anaiandika kwenye daftari langu. Ikaongezwa tena. Vidonge nikavirundika kwenye kopo uvunguni.

Mwisho akaniambia sukari isiposhuka nitaanza sindano. Jamani, sindano niliiogopa kuliko kaburi. Asubuhi ya kliniki nikameza dozi nzima, ya asubuhi pamoja na ya jioni, bila kutia kitu tumboni. Nilitaka tu kipimo kisome vizuri.

Sikufika kliniki Tukuyu. Mume wangu anasema nilianza kuongea ovyo njiani, nikamtukana, kisha nikaanguka kwenye matope.

Nilizinduka wodini, dripu mkononi, sukari ilikuwa imeshuka mno. Mume wangu alikuwa anamfokea mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, kwamba nesi wao amemwongezea mkewe dawa mpaka karibu amuue. Wakamwita Sista Tumpe. Akainama karibu yangu.

"Mama, leo umemeza vingapi?"

Wote watatu wananitazama.

"Vile ulivyoniandikia," nikasema.

Alifunga daftari langu la kliniki taratibu, akaliweka kitandani, akatoka. Nilisikia baadaye kwamba aliandikishwa maelezo, akapewa barua ya onyo, akaondolewa kliniki, akapelekwa chumba cha kufunga vidonda.

Nesi aliyekuja badala yake hakuniuliza mengi, na mimi nikafurahi. Dawa sikumeza. Ndipo buti la mpira likanichubua mguu. Kwa ganzi ya kisukari sikusikia maumivu; mume wangu ndiye aliyesikia harufu ya kuoza. Nilikatwa vidole viwili vya mguu.

Na kidonda kile, ndugu zangu, nilitakiwa kwenda kukisafisha kwa nani? Kwa yeye. Wiki baada ya wiki alinishika mguu ule kwa mikono yake, ananisalimia, anauliza kama nimelala vizuri. Afadhali angenitukana.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nikamweleza yote, mume wangu amekaa palepale. Mume wangu akainamisha kichwa. Sista aliendelea kuzungusha bandeji mpaka akamaliza.

"Kumbe nilikuwa nampangia dozi mtu anayemeza dawa, na mtu huyo hayupo," akasema. Kisha akaongeza: "Njaa ile ungeniambia, mama. Tungekubadilishia dawa. Na lile la ndizi nilikosea, sikupaswa kukuuliza mbele za watu."

Nilichechemea mpaka ofisini kwa mganga mfawidhi nikarudia maneno yaleyale. Barua ya onyo ya Sista ilifutwa. Kliniki walimwomba arudi, akakataa. Sasa nameza dawa nyingine, na njaa ile sina. Nikikutana naye sokoni ananisalimia vizuri, kama anavyomsalimia mtu yeyote, halafu anapita.

Wewe unayemficha nesi wako, nakusihi. Kama alikuudhi, mwambie amekuudhi. Kama dawa imekushinda, sema imekushinda. Na usingoje. Nenda ukaseme wiki hii, ukiwa bado unakwenda kwa miguu yako mizima.