Mbwa Niliyemkataa Tottenham

"Huyu hafiki Krismasi," walisema Watanzania wenzangu wa Tottenham, London, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipofungua kituo cha kutunza mbwa mchana, wenye mbwa wakiwa kazini. Walinikopesha, ndiyo, lakini nadhani walitaka haki ya kunicheka. Mzee mmoja wa Tanga, aliyetoa fungu kubwa kuliko wote, ndiye aliyekuwa na mdomo zaidi.

"Bwana mdogo, stashahada yote ile ya mifugo, unafungua chekechea ya mbwa?"

"Nitakulipa, mzee. Kila senti."

Stashahada hiyo niliitundika ukutani. Niliipata kwa jasho langu, bila mjomba wizarani, na leo iko sebuleni kwangu Morogoro, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Wateja walikuja kukagua. Mtu makini hukagua sakafu kama inanuka, maji kama ni safi, mbwa wadogo kama wametengwa na wakubwa, na kama cheti cha chanjo kinadaiwa mlangoni. Kwangu yote yalikuwapo. Wao walikagua sura yangu. Bibi mmoja aliuliza mwenye kituo yuko wapi. Nilipomwambia ni mimi, akakumbuka ana miadi. Miezi ikapita nina mbwa wawili tu, na mzee wa Tanga ananipigia simu kila Jumapili.

Ndipo akaja muuguzi mmoja Mwingereza na mbwa wake, tayari kulipa mwezi mzima papo hapo. Mbwa akakohoa, kikohozi kikavu, kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

"Huyu simpokei," nikamwambia. "Ataambukiza wenzake. Mpeleke kwa daktari kwanza."

Aliondoka amenuna. Nikamtazama dirishani akivuka barabara na kodi yangu ya pango mkobani. Kituo kingine kilimpokea mbwa bila kuuliza. Haukupita muda, mbwa wote wa pale wakawa wanakohoa. Wake alipopona, akarudi.

"Ni wewe tu uliyemkataa," akasema. "Ndiyo maana nimechagua hapa."

Akaleta majirani zake, nao wakaleta wao, hadi nikawa nakataa watu kwa kukosa nafasi.

Siku niliyowalipa wote walionikopesha, nilimalizia kwa mzee wa Tanga. Nikamnyooshea bahasha. Hakuipokea.

"Weka hapo mezani, bwana mdogo. Mikono hiyo inashika mbwa."

Nikaiweka. Chai hakunikaribisha. Lakini noti zilizotoka kwenye mikono hiyohiyo alizihesabu mara mbili, bila kinyaa.